Gari Lililopona Lenyewe

Kwa wiki tatu nzima Kasai Tokuzo alikuwa akiyalaumu magoti yake. Kila alipopanda kigari chake cheupe cha mizigo, magoti yaligonga chini ya usukani, na kila yalipogonga alirudi nyumbani kumwambia mkewe kwamba uzee umebisha hodi, tena umeingilia miguuni. Michi, mkewe, alimtazama kwa jicho la mtu aliyeishi na mwanamume mmoja miaka arobaini na minne.

"Baba, tangu lini uzee ukarefusha miguu?"

"Unarefusha maumivu."

"Haya. Kunywa supu yako, inapoa."

Na si magoti tu. Redio ya gari ilikuwa imehama kutoka stesheni ya nyimbo za zamani na kwenda kwenye stesheni ambayo watu wazima na akili zao hubishana kuhusu besiboli kutwa nzima. Hilo Tokuzo alilisukumia kwa mkewe bila ushahidi wowote. Kisha kile kisahani cha majivu, kilichokuwa kimejaa vishungi vya sigara tangu theluji ya mwaka jana, kilikutwa kitupu na kinang'aa. Kwa hilo alimshukuru mkewe. Michi hakuwa amegusa hata mlango wa gari hilo, lakini alizipokea shukrani na kunyamaza, maana kwa mume wake hazikuja kila mwaka.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa mlio. Tangu majira ya joto kigari kilikuwa kikigonga chini kwa chini, ko, ko, ko, hasa kikipanda mlima na matufaha nyuma. Tokuzo hakukipeleka kwa fundi. Alinunua oili nzito ya gia boksi, akaimimina mwenyewe, akangoja. Kiligonga wiki mbili zaidi, halafu siku moja, baada ya kupeleka makreti kwenye banda la ushirika, mlio ukakatika pu. Tokuzo alitembea kifua mbele. Alimsimulia kila mtu aliyekubali kusimama, na wengine waliokuwa wameshaanza kuondoka.

"Magari ni kama ng'ombe," aliwaambia. "Ukiliacha bila papara, linapona lenyewe."

Kwa mtu wa kijiji cha Iwasawa hakukuwa na sababu ya kufikiri zaidi ya hapo. Nyumba za Iwasawa, zilizotawanyika kwenye vilima vya matufaha vya Tsugaru, ni hamsini, na arobaini na nane kati yake zina kigari cheupe kilekile, cha ukubwa uleule, chenye bodi fupi nyuma na mchubuko uleule wa kreti ubavuni. Ufunguo huachwa ndani, kwani nani ataiba? Namba za gari huangaliwa na polisi, na polisi wa karibu yuko mbali.

Barua ilipatikana asubuhi moja mwishoni mwa Novemba, Michi alipokuwa akisafisha kabati la marehemu kwa ajili ya kumbukumbu ya mama mkwe. Kabati hilo jeusi lenye milango ya dhahabu lilikaa sebuleni na picha za baba na mama wa Tokuzo, na hakuna kitu cha maana kilichoingia nyumba ile bila kupita hapo kwanza. Tufaha la kwanza la msimu, keki ya mgeni, matokeo ya mtihani ya wajukuu, vyote viliwekwa mbele ya wazee kwanza, wakavionja kwa namna yao, ndipo walio hai wakapewa. Bahasha hii ilikuja Aprili. Ilikuwa na neno MUHIMU kwa wino mwekundu, kwa hiyo Michi aliiweka kwa heshima zote chini ya boksi la maharage matamu. Boksi la maharage likafuatwa na boksi la biskuti, na biskuti zikafuatwa na tikiti maji.

"Baba, hii hatukuifungua."

Tokuzo alivaa miwani. Barua ilitoka kwa kampuni iliyotengeneza kigari chake, na ilisema kwa adabu nyingi, kwa kuomba radhi mara tatu, kwamba magari ya mwaka ule yanaitwa yarudi kutengenezwa bure. Kiungo cha propela shafti, ule ufito wa chuma unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, hakikukazwa vizuri kiwandani. Mwenye gari anaweza kusikia mlio wa kugonga. Baadaye shafti inaweza kuchomoka. Ikichomoka mlimani, gari halitavuta tena, na hata likiegeshwa katika gia litateremka lenyewe.

"Miezi saba," Michi alisema, mkono mdomoni. "Mama ameisoma miezi saba."

"Naye hakusema kitu," Tokuzo alisema. "Tabia yake hiyohiyo."

"Nenda leo. Usinisubirishe, nenda sasa hivi."

"Lakini limeshapona."

"Nenda, Baba."

Akaenda. Gereji ya wakala ilikuwa mjini, mwendo wa dakika ishirini, na njia nzima kigari kilienda kimya kama paka aliyeshiba. Tokuzo alikuwa ameshaandaa maneno ya kumwambia fundi: kwamba barua imechelewa, kwamba yeye amelitibu kwa oili, ila kwa kuwa ni bure basi na watazame.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, jina lake Sayo, mikono yake myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Alimkaribisha kwa kuinama, akafungua mlango wa dereva, akachungulia pembeni mwa fremu, akaufunga tena.

"Mzee Kasai, hili limeshatengenezwa."

"Najua. Nililitengeneza mwenyewe."

"Hapana, mzee. Nililitengeneza mimi." Alimwonyesha kibandiko kidogo cha bluu karibu na bawaba. "Gari likishafanyiwa kazi hii tunabandika hiki. Hata mwandiko ni wangu. Aprili, tarehe kumi na nne."

"Aprili gari langu lilikuwa shambani."

Sayo alimtazama kidogo, kisha akainama akasoma namba iliyopigwa kwenye chesisi, akaenda kwenye kompyuta. Aliporudi alikuwa akijizuia kucheka, na alijizuia vizuri, maana alilelewa vyema.

"Mzee, samahani. Wewe ni Kasai Hisao?"

Jina hilo halikuwa limetamkwa mbele ya Tokuzo kwa miaka sita. Hisao alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja, na shamba lake lilipakana na la kwake kwa upande wa juu. Vigari vyao walivinunua pamoja, siku moja, duka moja, wakati bado wanakula sahani moja, na muuzaji aliwapiga picha wamesimama katikati ya vigari wakiwa wamevaa kofia za ushirika. Ila baadaye Hisao alilazwa hospitali kwa ngiri, na wakati amelala huko Tokuzo aliukata mtufaha wa mama yao uliosimama mpakani. Ulikuwa na ugonjwa wa kuoza gome, na ugonjwa ule huruka kutoka mti hadi mti. Tokuzo aliona hana la kuuliza. Hisao alirudi akakuta kisiki, akaingia ndani, akafunga mlango. Toka siku hiyo walipishana njiani kama hawajuani, na kijiji kizima kilijifunza kuwakalisha mbalimbali kwenye mazishi.

"Mimi ni Tokuzo," alisema mwishowe. "Hisao ni mdogo wangu."

"Basi mmebadilishana magari."

"Hatujabadilishana kitu. Hatusemezani."

Hapo ndipo magoti yalipomjia kichwani. Hisao ana miguu mifupi, hukisogeza kiti mbele. Hisao hupenda besiboli. Hisao havuti sigara. Tokuzo alikumbuka banda la ushirika wiki tatu nyuma, vigari vyeupe kumi na viwili vimepangwa mstari, mvua ikinyesha, na yeye akiingia ndani kwa haraka kwenye cha kwanza kilichokuwa kitupu. Gari halikuwa limepona. Gari bovu lilikuwa limeenda kwa mwingine.

Shamba la Hisao ndilo lenye mteremko mkali kuliko yote Iwasawa. Ukiangusha tufaha kule juu utalikuta barabarani. Na siku zile ndizo za kushusha matufaha ya mwisho kabla theluji haijashika, gari limejaa hadi ukingoni, ko, ko, ko.

"Mpigie," alimwambia Sayo. "Namba yake sina."

Sayo alipiga. Aliyepokea ni Fumi, mke wa Hisao, na sauti yake ilisikika mpaka nje ya simu, kwa sababu Fumi huamini kwamba mjini ni mbali. Alisema Hisao yuko shamba la juu, kwenye gari, na simu yake kama kawaida iko kwenye droo ya soksi. Kisha akasema chungu chake kinafurika, akakata.

"Mzee, tangulia," Sayo alisema. Kicheko kilikuwa kimemtoka chote. "Mwambie asiliwashe, asiliguse. Nakuja nyuma yako na gari la kukokota."

Tokuzo aliendesha kigari cha mdogo wake kwa mwendo ambao mdogo wake asingeuruhusu. Magoti yaligonga, hakuyasikia. Kwenye redio mtu alikuwa akimlaumu kocha fulani, naye Tokuzo akamwambia kwa sauti anyamaze. Kwa miaka sita alijiambia kwamba Hisao ni mkaidi, mwenye kinyongo, na kwamba akitaka kununa, anune mpaka akome. Sasa alichoona mbele ya macho ni Hisao wa miaka saba, ambaye yeye Tokuzo alimbeba mgongoni kuvuka mfereji kwa sababu mtoto aliogopa maji, akimnong'oneza sikioni asimdondoshe. Alimpenda sana mtu yule. Ilikuwa aibu kugundua jambo hilo kwenye barabara ya mlimani, huku akivuta gia ya pili.

Alipita kwenye kisiki bila kukitazama, akapanda njia ya Hisao ambayo hakuikanyaga tangu ugomvi. Juu kabisa, baina ya safu mbili za mitufaha iliyokwisha kupukutisha majani, kilisimama kigari cheupe, tako lake limeelekea bondeni. Chini ya bodi ya nyuma ilitokeza miguu miwili, mifupi, ndani ya viatu vya mpira vya shamba. Haikucheza.

Tokuzo alisimamisha gari, akavuta breki ya mkono mpaka ikalia, akaruka nje. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa na hakuwa amekimbia tangu mashindano ya kijiji ya mwaka ambao hata yeye aliusahau. Alikimbia. Alipofika aligeuka, akaubandika mgongo wake kwenye bodi ya gari, akachimbia visigino kwenye nyasi zenye maji, akasukuma kwa nguvu zote alizojaliwa.

"Hisao! Toka! Nimelishika!"

Miguu ilicheza. Kisha sauti ikatoka chini ya gari, sauti ya mtu aliyekatizwa shughuli.

"Nani huyo?"

"Mimi! Toka nimekwambia, litateremka!"

"Haliteremki."

"Shafti mbovu, mjinga wewe, gia haishiki! Toka!"

Hisao alijivuta taratibu, bega moja kwanza, akatoka na tochi mkononi na jani limemganda shavuni. Alikaa kitako kwenye nyasi akamtazama kaka yake, aliyekuwa amejibana dhidi ya gari, uso mwekundu, pumzi zikimtoka kama bomba.

"Kaka," alisema, "unafanya nini?"

"Nashikilia gari."

"Limezuiwa."

"Na nini?"

Hisao alielekeza tochi. Nyuma ya kila gurudumu kulikuwa na gogo nene, limekatwa vizuri na kupigiliwa kigingi, na nyasi zilikuwa zimeanza kugeuka njano kulizunguka, kama penye kitu kilichokaa siku nyingi. Tokuzo aliondoa mgongo wake polepole, inchi kwa inchi, kama mtu asiyependa kuonekana amekuwa akisukuma bure. Gari halikutikisika.

"Lipo hapa tangu lini?"

"Tangu siku ile ya mvua ushirikani. Nilipanda nalo hadi hapa, nikasikia linagonga. Langu haligongi. Nikatazama mlangoni, kibandiko hakuna. Nikafungua droo ya gari, nikaona karatasi zina jina lako, na vishungi vya sigara kila mahali, mchafu wewe. Nikasema hili silishushi. Nikalizuia."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

"Na matufaha yako umeyashushaje?"

Hisao alionyesha kwa kidevu mkokoteni wa mkono uliolala kando ya safu, tairi lake moja limefungwa kamba. Makreti mia moja na arobaini, mtu wa miaka sitini na sita mwenye mshono wa ngiri, mlimani, kwa mkokoteni. Tokuzo alihisi hasira, na ndani ya hasira, aibu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Ningekuulizaje wakati sijui?"

"Gari lako lilikuwa na kiti changu, redio yangu na usafi wangu. Hukujua?"

"Nilidhani ni magoti."

Hisao alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kama chafya, akajaribu kukirudisha na hakikurudi. Tokuzo alijaribu kununa, akashindwa, akakaa naye kwenye nyasi zenye maji. Ni hapo chini, macho yakiwa usawa wa magurudumu, ndipo alipoliona gogo vizuri. Gome lake lilikuwa jeusi, lenye pindo la ukingoni ambalo utotoni walikuwa wakiwekea vidole kupanda. Alilijua gogo lile kama anavyoujua mlango wa nyumba yao.

"Hilo ni la..."

"Ndilo."

"Nilidhani umelichoma."

"Uliliacha mpakani chini ya mvua. Nilipotoka hospitali nikayabeba magogo yote usiku usiku nikayaweka bandani."

Upepo ulileta harufu ya theluji. Tokuzo alivua kofia, akaikunjakunja. Maneno yaliyofuata hayakuwa mengi, lakini yalikuwa yamekaa miaka sita mahali pabaya na yalitoka yakikwaruza.

"Ningekuuliza kwanza. Mti wa mama. Nilipaswa kukuuliza."

Hisao alizima tochi, akaiwasha, akaizima.

"Ulikuwa umeoza hadi katikati," alisema. "Niliona siku ileile, nilipoyabeba. Ungeuacha mwaka mmoja zaidi, shamba langu lote lingekwenda."

"Ulijua? Siku ileile?"

"Siku ileile."

"Na ukaninunia miaka sita?"

"Hukuniuliza," Hisao alisema, "kama bado nimenuna."

Sayo aliwakuta wamekaa hivyohivyo, wazee wawili wenye suruali zilizoloa, wakibishana iwapo kocha wa besiboli afukuzwe. Alilala chini ya gari kidogo, akatoka akiwa hana mzaha. Bolti tatu kati ya nne za kile kiungo zilikuwa zimeshaanguka, na ya nne aliizungusha kwa vidole viwili. Alimwambia Hisao kwamba kama angeshuka nalo siku ile, asingefika barabarani akiwa juu ya magurudumu. Hisao alisema ndiyo, alifikiri hivyo, ndicho alichokuwa akikichungulia kwa tochi. Tokuzo akaenda kusimama nyuma ya mtufaha mmoja na kupenga kamasi kwa muda mrefu.

Kigari kilitengenezwa siku hiyohiyo. Kesho yake walikwenda kukichukua pamoja, Hisao akiendesha, na Sayo akambandikia Tokuzo kibandiko cha bluu mbele ya macho yake. Jioni Michi aliweka barua ile tena kwenye kabati la marehemu, safari hii ikiwa imefunguliwa, ili mama mkwe asome mwisho wake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa vitendo, akachukua taulo jekundu la ushirika na kulifunga kwenye kioo cha pembeni cha gari la mumewe, ili kosa lisirudiwe.

Wiki moja baadaye Tokuzo alitoka kwenye banda la ushirika, theluji ya kwanza ikianguka, vigari vyeupe vimepangwa mstari. Aliliona taulo jekundu, akapanda, akawasha injini. Magoti yakagonga. Alichungulia dirishani, akaona kigari kilichosimama kando nacho kina taulo jekundu kiooni, maana Fumi naye ni mwanamke wa vitendo, na ushirika uliwagawia wote taulo za aina moja.

Cha kwake kilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Angeshuka, angefunga mlango, angepanda kingine, na mambo yangekwisha. Tokuzo aliketi kidogo, magoti yakiwa yamekaza chini ya usukani, akasikiliza watu wazima wakibishana kuhusu besiboli. Kisha akatia gia, akatoka taratibu kwenye mstari, akashika njia ya kwa Hisao, kwa kuwa gari la mtu lazima lirudishwe, na Fumi alikuwa hodari wa kupika chai.